Kitenge cha Mama Ndani ya Tenga la Vifaranga

Vijana mtakaosoma haya, mtanivumilia. Sitawachekesha. Mkitaka kucheka simu mnazo. Mimi nataka kuwaambia habari ya tenga moja la vifaranga, mpate kujua kwa nini mnamwona mzee kama mimi amekaa msibani macho makavu, mkanong'onezana kwamba huyu bibi moyo wake jiwe. Wenzangu wa rika langu watanielewa upesi. Ninyi nitawaeleza taratibu, kwa maana hamkuishi maisha yale.

Tunakaa Bellevue, hapa Johannesburg, katika nyumba ya zamani ambayo mwenyewe ameikatakata kwa mbao, chumba kimoja kikazaa vitatu. Sisi tuna cha mbele. Yupo mwanangu Baraka, anayelinda geti la maghorofa usiku na kulala mchana. Yupo mkewe Furaha. Yupo Neema, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Binti yangu mwenyewe hayupo. Alikufa baridi hii ilipoanza, mapafu, hospitalini, nasi tukamzika. Neema hajui.

Ameambiwa mama yake amekwenda Cape Town kusuka, huko wateja ni wengi. Siku ya mazishi walimpeleka mtaa wa La Rochelle kwa rafiki wa Furaha akacheze na watoto. Matanga tuliyakalia kanisani, si nyumbani, asije akaona watu wamekaa chini. Lilikuwa shauri la Baraka, na wazee wa kanisa wakaliona la busara. Waliponiuliza mimi, sikuwa na mdomo hata wa kunywa uji. Nilipunga mkono tu, wakasema mama amekubali.

Jumamosi hii wanakuja kuondoa matanga. Nguo za marehemu zitagawanywa, chakula kitaliwa, na kwetu sisi, matanga yakishaondolewa, kulia kumekwisha. Neema bado ana zile nywele alizosukwa na mama yake. Zimeota chini, zinamwasha, anajikuna mezani, anajikuna akisoma. Humu ndani hakuna mwenye mkono wa kuzifumua.

Juzi Baraka akarudi na boksi la nyanya, ndani vifaranga. Kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, kuna mwanamke anauza kuku wazima na vifaranga pia. Baraka akaweka taulo kuukuu chini, akaning'iniza balbu kwa waya juu ya boksi, akaiwasha. Neema akapiga magoti hapo. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kizulu, nami maneno yake nayaandika kwa lugha yangu.

"Gogo, tazama huyu," akaniambia, maana bibi huku huitwa gogo. "Anafanana na wewe. Amekasirika."

"Hajakasirika. Ana njaa."

"Hata wewe ukiwa na njaa unakasirika."

Akacheka. Baraka akanitazama kwa furaha. "Eish, mama, umemsikia? Lini alicheka mara ya mwisho?" Kisha akachuchumaa karibu na mtoto, akamshika bega, akasema, "Uwatunze vizuri, sawa? Wakikua wakaanza kutaga, mama atarudi ale mayai."

Nilikuwa nachambua maharage. Mikono ilisimama. Maneno yale niliwahi kuambiwa mimi, neno kwa neno, na harufu ilikuwa ile ile: manyoya mabichi, kinyesi kilichopata joto, nguo inayokaribia kuungua.

Kwetu ni milimani juu ya Uvira. Watu wakisikia Kongo hudhani ni joto tu. Kule asubuhi nyasi zina barafu nyembamba, na ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Mama yangu alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, lakini mimba ilipokomaa alirudi kujifungulia kwa mama yake, ndiyo desturi, nami nikaja naye. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Alikuja na kuku wake mmoja, mwekundu, akamwekea mayai nyuma ya mlango wa jikoni. Akaniambia nisimsogelee, kwa kuwa kuku anayetamia hana rafiki.

Uchungu ulimshika ukamshinda. Wanaume wakamfunga kwenye kitanda cha miti, wakamteremsha kuelekea hospitali ya chini, kando ya ziwa. Nilimwona mguu wake tu, umetokeza kwenye blanketi, unacheza kila wachukuzi wanapokanyaga. Nikaupungia mkono ule mguu.

Mvua ilinyesha baada ya hapo, daraja likaenda na maji. Mama alifia huko na mtoto tumboni, wakamzika huko huko chini. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba siku moja uani kulijaa watu.

Nisikilizeni jinsi mtoto anavyosoma mambo. Wanawake walikuwa wamekaa chini na vitambaa wamefunga viunoni: nikasema wamechoka na safari. Bibi alinyoa kichwa, akaninyoa na mimi, akasema ni chawa. Nikaamini, nikajikuna hata pasipowasha. Macho ya watu mekundu: nikasema moshi, maana kuni zilikuwa mbichi. Watu wa baba walipofika kutoka ng'ambo, wamezunguka mbali kwa ajili ya daraja, nikajua sasa ni sherehe. Mtoto amezaliwa, ukoo umekuja kumwona.

Kwetu wakwe hawalishwi maharage. Lazima kuku, na firigisi iende kwa mkubwa wao. Mjomba wangu alizunguka uani, hakuona kuku, akaingia jikoni, akamnyakua yule mwekundu juu ya mayai yake. Bibi akapiga kelele, "Huyo anatamia! Umeona wapi?"

"Mama, wakwe wako nje," mjomba akajibu, kuku anapigapiga mabawa mkononi. "Wamekuja kwa jambo kama hili, tuwape nini? Majani?"

Mwiko wa kutochinja kuku anayetamia ulikuwa mkubwa, lakini wakwe walikuwa wakubwa zaidi. Nilimwona akiinama, akayafunika mayai kwa viganja vyote viwili kana kwamba ni moto utakaozimika.

Mimi nikatoka na sahani ya ugali kuwapelekea wageni. Nikamwuliza mwanamke mmoja wa kwa baba, "Mtoto ni wa kiume au wa kike?" Alichukua pindo la kitenge chake akalisokomeza mdomoni. Nikadhani amejing'ata. Baba alikuwa kati yao. Akanishika kichwa kilichonyolewa, akasema, "Mama yangu," kwa sababu nina jina la mama yake, kisha akatoka nje ya ua, nami sikumwona tena siku ile. Nilikula shingo ya yule kuku. Ilikuwa tamu. Sitawaficha hilo.

Kuanzia hapo bibi alinifungia jikoni. "Kazi yako ni hii," alisema. "Mayai haya yana watoto ndani. Wewe ndiye mama yao sasa. Usitoke."

Akaniundia lile tenga. Lilikuwa tenga pana la kubebea mihogo. Alilikata kitako, akalipaka samadi ya ng'ombe pande zote mpaka likakauka, upepo usipite. Akalisimamisha kwenye sakafu ya udongo. Katikati alichimba kishimo, akatia makaa, akayafukia kwa majivu, na juu yake akafudikiza chungu kilichotoboka. Joto likawa linatoka kwenye udongo wa chungu polepole, kama mtu anayepumua. Mayai tukayapanga kukizunguka juu ya nyasi kavu. Akanifundisha kuweka upande wa ndani wa mkono wangu kwenye chungu: ukiweza kuuacha hapo ukivuta pumzi vizuri, basi, ukiutoa haraka, ongeza majivu.

Huko nje walikuwa wanaimba. Nyimbo zile nimekuja kuzijua, nimeziimba katika misiba ya watu wengi. Kule jikoni nilizisikia kupitia ukuta, na kila zilipopanda, bibi alikuja akanisemesha. Mbona majivu yamekaa hivi? Yai lile umeligeuza? Nilidhani ananisimamia kazi. Alikuwa ananiziba masikio.

Mayai mengine yalikaa kimya yakaoza. Mengine yakaanza kulia ndani, sauti nyembamba, na ganda likatoboka. Walitoka wamelowa, wabaya, shingo kama uzi. Lakini chungu peke yake hakikuwatosha. Walikuwa wanakitafuta kitu cha kuingia chini yake, wakakibandikia vifua vyao, mmoja akaungua. Bibi akasema kifaranga hahitaji moto tu. Anataka kitu kimguse mgongoni.

Wakati huo wageni walikuwa wanafunga safari. Nguo za mama zilitolewa kwenye sanduku, zikatandazwa kwenye mkeka. Mama zangu wadogo na shangazi zangu wakachukua moja moja. Shangazi akavaa blauzi ya mama pale pale. Nikasema ameiazima, kwa kuwa mama alikuwa mkarimu. Bibi alipewa kitenge cha kijani chenye majani ya njano, kile mama alichokuwa akinibebea nacho. Hakukivaa. Aliingia nacho jikoni, akachukua kisu, akakichana vipande virefu. Sauti ile ya nguo kuchanika naisikia mpaka leo nikipita kwa mafundi cherehani.

"Bibi! Mama akirudi atakiuliza!"

"Atavaa kingine."

"Atarudi lini?"

Bibi alikuwa anafunga vile vipande kwenye mti mmoja, akauweka juu ya tenga, vikaning'inia kukizunguka chungu mpaka chini kama pazia. Vifaranga wakapita katikati yake wakasimama humo, vile vipande vimewagusa migongo, wakanyamaza wote. Harufu ya mama ilitoka kwenye ile nguo iliposhika joto. Mafuta ya mawese, na jasho la shingoni. Niliingiza kichwa changu chote ndani ya tenga.

"Uwatunze," bibi akasema nyuma yangu. "Wakikua wakaanza kutaga, mama atarudi ale mayai."

Basi nikawatunza. Hakuna mtu aliyewahi kutunza vifaranga vile. Bibi alinifundisha kuwasoma: wakijikusanya pamoja na kulia, ni baridi, wakikimbilia ukingoni midomo wazi, moto umezidi, wakitawanyika kimya, wako sawa. Nilipiga kucha chini kuwaonyesha kudonoa. Nililala pale pale kwenye majivu. Mmoja alipokufa, nilimficha bibi, nikamzika nyuma ya choo, nikawa naona mama amerudi nyuma hatua njiani. Wa pili alipokufa nilitapika. Nilijua hesabu moja tu: wakifa wote, haji.

Wakaota manyoya ya mabawa. Ndipo bibi akaniruhusu kwenda kuchota maji. Pale chemchemini kulikuwa na msichana mmoja, Sifa, mkubwa kidogo kuliko mimi, mdomo wake ulikuwa unajulikana kijiji kizima.

"Eh, mama kuku!" akaniita. "Mama yako bado hajarudi?"

"Kuku wakitaga atarudi."

Wote wakaangua kicheko. Sifa akaweka mtungi wake chini ili acheke vizuri. "Vifaranga wenu wanalala kwenye kitenge cha marehemu," akasema. "Uliona wapi nguo ya mtu aliye hai ikachanwa? Zilizobaki wamevaa shangazi zako. Bibi yako ni mzazi, mzazi havai nguo ya mwanawe aliyemtangulia, ndiyo maana amewavisha kuku."

"Mwongo!"

"Na hicho kichwa? Chawa gani wanaoingia nyumba nzima siku moja?"

Nilijaza mtungi, nikajitwika, nikapanda mlima. Sikumwaga hata tone. Njiani kila kitu kilijipanga chenyewe: macho mekundu, pindo mdomoni, baba na mkono wake kichwani kwangu, ile shingo ya kuku niliyoila.

Bibi alikuwa ameinama kwenye tenga. Nikasema, "Bibi, mama amekufa?"

Hakugeuka. "Nani amekuambia?"

"Sifa."

"Sifa ana mdomo."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nikavuta pumzi kulia, ile pumzi ndefu ya mtoto, na kabla sauti haijatoka bibi alikuwa ameshanifikia. Aliniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka majivu. Alinishika kwa nguvu mpaka nikaonja damu ya ufizi.

"Usilie. Matanga tumekwisha kuondoa. Mtu akilia matanga yakishaondolewa anaita mwingine. Unataka kumwita nani? Mimi?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi. Ongeza makaa. Wanapata baridi."

Nikaongeza makaa. Ningefanya nini? Walikuwa wamejikusanya, wanalia. Walikuwa na ruhusa.

Simlaumu bibi yangu sana. Alikuwa amempoteza mtoto, mjukuu tumboni, na akabaki na mimi, akaona aniepushe angalau na uchungu ule mmoja. Lakini yeye alikuwa amelia. Wote walikuwa wamelia, uani, kwa nyimbo, wamekaa pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nageuza mayai. Nilipopata habari, wakati wake ulikuwa umepita, na kilio cha mtu mmoja baada ya wakati hakina pa kukaa. Kuku walipotaga, bibi alinichemshia yai la kwanza. Nikalila. Lilikuwa yai tu.

Tangu siku ile macho yangu hayajui kazi yake. Bibi alikufa, sikulia. Tulikimbia vita tukamwacha mume wangu njiani, sikulia. Binti yangu ameteremshwa kwenye udongo mwekundu wa Johannesburg, wanawake wa kanisa wanagaagaa, nami nimesimama kama mlingoti. Nilimsikia msichana mmoja akisema, "Bibi huyu ni mgumu." Mgumu? Mtoto wangu yule! Nilihisi tu kiganja kimekaa mdomoni pangu, kinanuka majivu.

Hayo ndiyo yaliyonipitia kichwani nikiwa na maharage mapajani. Lakini siku ile sikusema neno. Nilijiambia Baraka ndiye mwenye kauli humu, ndiye anayelipa chumba.

Jana mchana umeme ukakatika mtaa mzima. Baridi ya huku mnaijua, kavu, inaingia mpaka kwenye jino. Balbu ikazimika, na haukupita muda vifaranga wakaanza kulia. Baraka alikuwa amelala nyuma ya pazia. Furaha alikuwa kwenye simu. Neema akainua boksi akaliweka penye jua la dirishani, halikutosha. Kisha akavuta sanduku lililo chini ya kitanda, akafungua, akatoa koti la mama yake. Koti la sufu, la kijivu, zito. Mimi mwenyewe nimetetemeka baridi yote hii nalo liko pale, nami siwezi kulivaa. Ninyi sasa mnajua kwa nini.

Furaha akashtuka. "Neema! Rudisha! Hilo ni la Jumamosi…" Akajishika mdomo.

"Jumamosi kuna nini?" mtoto akauliza.

"Hakuna kitu. Rudisha tu."

"Ni la mama," akasema. "Akirudi nitamwambia ni mimi niliyechukua. Hatagomba. Hawa wanakufa baridi, Gogo, waone."

Akalifunika boksi, akaacha upenyo, akaingiza kichwa chake chini ya koti pamoja nao. Nikaona mgongo wake tu na zile nywele zilizoota. Nilijua anachonusa.

Nikasimama. Magoti yangu yalilia, nikalivuta pazia la Baraka.

"Amka. Mtoto aambiwe."

Akafumbua macho mekundu ya mtu wa zamu. Akanielewa papo hapo. "Mama, si leo. Kesho ana shule. Ni mdogo. Tungoje akue kidogo."

"Akue afike wapi?"

"Ataumia, mama."

"Ataumia. Sisemi hataumia. Sisemi ukimwambia utamponya. Mama yake amekufa, hakuna dawa ya hilo, hata mimi sina. Lakini Jumamosi mnaondoa matanga. Baada ya Jumamosi atalia wapi, Baraka? Na nani?"

Furaha akaanza kutokwa na machozi hapo penye jiko, akageukia ukuta asionekane, na mimi nikaona ukuta ule ule wa jikoni kwetu. Vifaranga walikuwa wamenyamaza chini ya koti. Sikutaka nyumba hii inyamaze nao. Basi nikatoa amri, na katika nyumba hii amri yangu hairudiwi mara mbili.

"Baraka, vaa shati, njoo ukae chini. Furaha, weka simu, geuka huku, acha akuone unalia. Hilo koti lisiguswe, halitagawanywa, ni la hao aliowafunika nalo. Mtoto huyu anaambiwa sasa hivi, jua likiwapo, kwa Kiswahili, anakisikia. Aambiwe mama yake amekufa na tumemzika. Asiambiwe amelala. Asiambiwe amesafiri. Na akilia, hata akilia mpaka majirani wagonge mbao, mtu yeyote humu ndani asithubutu kumziba mdomo."